Kuishi na kobe boksi Nairobi: soma tabia yake kabla hujasema ni mgonjwa

Maswali ya watu wenye kobe boksi (box turtle, yule anayejifunga kabisa ndani ya gamba) hapa Nairobi ni yale yale: mbona anajifukia siku nzima, mbona hali, mbona anazunguka ukutani kama anataka kutoka. Mara nyingi si ugonjwa. Kobe anafuata joto, unyevu na mwanga, na kama hivyo vitu havijakaa vile mwili wake unavijua atakuonyesha kwa tabia, kwa hivyo kabla hujampa dawa yoyote angalia kwanza hali ya hewa na mahali umemweka. Huyu mnyama anaweza kuishi miaka 30 hadi 50, wengine zaidi, si kitu cha kubahatisha.

Mambo ya vibali niyamalize haraka. Kobe boksi kwao ni Marekani na Mexico, na yuko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, yaani kumtoa nchi moja kwenda nyingine kunahitaji karatasi. Mtu akikupa ama akikuuzia, itisha karatasi na uwaulize KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya) kabla hujampeleka nyumbani, manake kuna Sheria ya Wanyamapori ya 2013 na iko wazi. Na tafadhali usiokote kobe barabarani ukienda Magadi ukasema ni ndugu yake. Yule mkubwa wa madoa ni wa porini huku kwetu, msaidie avuke upande ule alikuwa anaelekea, basi.

Sasa tabia. Gamba lake la chini lina bawaba, akishtuka anavuta kichwa na miguu ndani halafu anafunga mbele na nyuma mpaka huoni chochote. Ukimwinua ghafla utasikia ssss, na watu wanasema amekasirika, lakini hiyo ni pumzi inasukumwa nje ya mapafu ndio mwili upate nafasi ya kuingia. Usijaribu kumfungua. Muweke chini, kaa mbali kidogo, utaona ukingo umeachana kidogo tu, kisha pua, kisha jicho moja linakuangalia, na anaweza kubaki hivyo dakika kadhaa kabla hajatoa mguu wa kwanza. Ukimpa huo muda kila siku atakuzoea, ukimwinua kila saa ili wageni wamwone hatakuzoea kamwe.

Halafu huyu ni mnyama wa mahali pake. Porini wengi wanaishi maisha yao karibu yote kwenye eneo la upana wa mita 200 hivi, wanajua maji yako wapi, kivuli kiko wapi, na ukiwahamisha wanazungukazunguka wakitafuta kwao. Kwa hivyo mgeni wako akizunguka kando ya ukuta wiki za kwanza usishangae, na wewe usipangepange vitu vyake upya kila wikendi kwa sababu unamrudisha mwanzo. Kama umemweka kwenye boksi la kioo ndio shida zaidi, haelewi kioo, anaona nje na anasukuma tu hadi pua inachubuka. Ziba pande zote kwa kadibodi ama mbao, juu pabaki wazi. Nafasi isipungue sentimita 120 kwa 60, na kama una shamba kidogo nyuma ya nyumba mjengee huko, ukuta uingie chini sentimita 30 manake anachimba, na anapanda pia, kuliko unavyodhani.

Chini weka udongo na majani makavu, vyenye unyevu, kina cha sentimita 15 hivi ajifukie. Kujifukia ndio mapumziko yake. Jua la Januari likiwaka anaingia chini, mvua ikinyesha jioni anatoka mbio, anakula, anatembea. Ukiwa na yule anayelala sana wakati wa kiangazi, nyunyizia maji asubuhi kama mvua uone. Na kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, kama hakuna mtu amepiga dawa hapo karibu, mwache ajihudumie.

Mahali watu wengi wanakosea ni Juni hadi Agosti. Kwao kukiwa na baridi kali kobe analala miezi, mwili unapunguza kila kitu. Nairobi tuko juu, karibu mita 1,700, Julai usiku inashuka mpaka nyuzi 12 ama chini, lakini mchana inapanda tena, na hiyo baridi ya katikati ndiyo mbaya: haitoshi kumlaza vizuri na joto halitoshi kusaga chakula, chakula kinakaa tumboni kinaoza na mapafu yanashika homa. Usimwache alale hivyo. Mwekee taa ya joto upande mmoja pafike nyuzi 29 hadi 32, upande mwingine pabaki baridi ajichagulie, usiku isishuke chini ya 18. Stima ikipotea, chupa ya maji moto iliyofungwa kwa taulo ndani ya katoni itamvusha usiku. Jua likitoka mtoe nje lakini awe na kivuli, na ujue jua la kupitia dirishani halimsaidii gamba, kioo kinazuia ule mwanga anaohitaji.

Usiku usimwache nje, hasa baada ya mvua, kwa sababu ya siafu. Kobe aliyejifukia hawezi kuwakimbia. Mbwa nao wanatafuna gamba kama mfupa, hata yule mpole wa nyumbani.

Chakula si kigumu: nyungunyungu, konokono, panzi, na kwa mama mboga chukua malenge, karoti, sukuma kidogo, uyoga, papai mara moja moja. Konokono waliowekewa dawa, hapana. Avokado, mkate na maziwa, hapana. Maganda ya mayai yaliyosagwa nyunyizia juu kwa ajili ya mifupa. Maji kwenye sahani pana isiyo na kina, badilisha kila siku kwa sababu atanyea humo humo, na watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakimshika, kobe wanabeba salmonela, vijidudu vya kuharisha.

Kwa daktari wa wanyama nenda ukiona macho yamevimba na hafungui, mapovu puani, anapumua mdomo wazi, ama hajala na joto liko sawa. Mpime kwa mizani ya jikoni kila wiki na uandike, ukienda huko nenda na hizo namba, zitamwambia daktari mengi kuliko maelezo yako.