Somo: Kununua kiwanja Dar es Salaam, upekuzi kwanza, fedha baadaye

Swali la "nimepata kiwanja Chanika, nilipe?" limenichosha, hivyo atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Kwanza, tenga mapema fungu la wakili, kodi na uhamisho wa umiliki, kando ya bei yenyewe.

Pili, kakione kiwanja mwenyewe, ikiwezekana wakati wa masika.

Tatu, upekuzi. Omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, muda wa umiliki aliopewa, uwe miaka 33, 66 au 99, na kama kuna rehani ya benki au zuio. Hati anayokuonyesha muuzaji, hata ikiwa halali, haiwezi kukuambia kwamba juzi kuna mtu ameweka pingamizi. Kisha nenda na mpima ardhi, mfukue mawe ya mipaka na kusoma namba zake mkizilinganisha na ramani ya upimaji, kwa sababu jiwe hung'olewa na kusogezwa. Kama ni nyumba ya ndoa, saini ya mwenzi wa muuzaji ni lazima, hata kama jina lake halimo kwenye hati. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda. Usitoe kishika uchumba, yaani malipo ya awali, kabla ya haya yote, hata dalali akikuapia kwamba kuna mteja mwingine njiani.

Nne, mkataba mbele ya wakili, malipo kupitia benki.

Tano, uhamisho, usiuahirishe.

Swali: Mkuu, hati nimeiona kwa macho yangu, bado nifanye upekuzi?
Jibu: Soma hatua ya tatu.

Swali: Mwenyekiti wa mtaa amegonga muhuri. Unataka kusema ni mwizi?
Jibu: Sijasema hivyo. Muhuri wake hauhamishi umiliki uliosajiliwa.

Swali: Eneo lisilopimwa halina hati ya kupekua. Tujilinde vipi?
Jibu: Umeuliza vyema, dada. Zungumza na majirani wa pande zote bila dalali kuwepo, nao wasaini kama mashahidi. Uliza mipango miji ya manispaa kama eneo halimo kwenye hifadhi ya barabara. Karibu na bahari au mto, kumbuka mita 60 kutoka ukingoni ambazo Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza kuendelezwa.

Swali: Wakati nasubiri majibu, fedha zikae wapi?
Jibu: Mimi hutumia Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ambako fedha zako hununua vipande vya mfuko. Ukiuza vipande, malipo huchukua siku kadhaa za kazi, kwa hiyo viuze kabla ya siku ya kusaini mkataba.