Keki ya vita: bila yai, maziwa wala siagi

Wapenda keki, hii ni ya Marekani, enzi za Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1917 serikali yao iliwaomba wananchi wabane matumizi jikoni ili chakula kiende Ulaya, kampeni iliyoongozwa na Herbert Hoover, ambaye baadaye alikuwa rais. Mayai, maziwa na siagi vikaachwa. Zabibu kavu na viungo vikabeba ladha yote.

Mahitaji: kikombe 1 cha maji, kikombe 1 cha sukari ya kahawia, kikombe 1 na nusu cha zabibu kavu, theluthi ya kikombe cha mafuta ya mgando (wao walitumia ya nguruwe, sisi ya mimea yanatosha), kijiko 1 cha chai cha mdalasini, nusu kijiko cha karafuu ya unga, nusu cha kungumanga, chumvi kidogo. Unga vikombe 2, bekingi soda kijiko 1 cha chai.

1. Weka vyote kwenye sufuria, isipokuwa unga na soda. Vikianza kuchemka, hesabu dakika tatu. Zabibu zitavimba na maji yatageuka kuwa rojo la kahawia.

2. Ipua, uache ipoe kabisa. Hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Soda ikikutana na rojo la moto inamaliza povu lake sufuriani, na keki inatoka nzito.

3. Changanya unga na soda, mimina kwenye rojo, koroga mpaka unga usionekane. Basi, usiendelee.

4. Paka mafuta trei ya mkate, oka nyuzi 170 kwa karibu saa moja. Kijiti kitoke kikavu.

Maswali

*Dada, sina oveni. Mkaa unafaa?*
Unafaa sana. Sufuria nzito, mkaa mchache chini, mwingi juu ya mfuniko. Chungulia baada ya dakika arobaini, si kabla.

*Naweza kutumia magadi ya maharage?*
Hapana mpenzi, ni makali mno, yataleta ladha ya sabuni. Hata bekingi soda ikizidi hufanya hivyo.

*Yangu imepasuka juu, nimekosea wapi?*
Hujakosea. Keki za mkate hupasuka. Ifunge kwenye kitambaa, kesho karafuu itakuwa imekolea zaidi. Ila kwa joto la Dar usiiache mezani zaidi ya siku tatu.