Kupanga au kununua nyumba kijiji cha volkano Indonesia: angalia mto kwanza, mandhari baadaye

Watu wakishaona picha za volkano ya Bromo kule Java alfajiri na ukungu umelala chini, au mashamba ya Sembalun pale chini ya volkano ya Rinjani kule kisiwa cha Lombok, kinachofuata ni kuulizia bei ya kiwanja. Tulia kwanza. Indonesia ina volkano hai zaidi ya 120 na miteremko yake imejaa vijiji, maana udongo wa majivu una rutuba sana, kwa hiyo kuishi karibu na mlima kunawezekana kabisa, mamilioni wanaishi hivyo, ishu ni nyumba yako iko upande gani wa mlima na ardhi unaishika kwa karatasi gani.

Anza na ramani. Taasisi ya serikali inayofuatilia volkano inaitwa PVMBG, makao yake Bandung, na ina ramani za milima zilizogawanywa kanda za hatari, KRB I, II na III. KRB III ndo ya karibu na kreta, yaani mdomo wa volkano, hiyo usiiguse hata upewe nyumba bure. Ila wageni wengi wanajikwaa kwenye KRB I, ile ya nje kabisa, wanaona mlima uko mbali, kilomita 10 hivi, basi wanajua wako salama, kumbe wako kando ya bonde la mto. Mwezi wa 12 mwaka 2021 volkano ya Semeru kule Java ilipolipuka, wingu la moto na majivu lilishuka likifuata bonde la Besuk Kobokan na watu zaidi ya 50 wakafa. Halafu kuna lahari, yaani majivu na mawe yaliyobaki juu yakishushwa na mvua kama zege bichi. Hiyo haisubiri mlipuko. Marapi ya Sumatra Magharibi (usiichanganye na Merapi ya Java) ililipuka mwezi wa 12 mwaka 2023, mafuriko yake ya lahari yakaja kuua makumi ya watu Mei 2024, miezi mitano baadaye.

Kwa hiyo ukifika kwenye nyumba, kabla hujafungua hata dirisha, nenda mtoni. Angalia kama kuna mawe makubwa meusi na mchanga wa kijivu mpana kuliko maji yenyewe, kama kuna malori yanachota mchanga, kama kuna kuta nene za zege zimekatisha mto, hizo zinaitwa sabo na zimejengwa kupunguza nguvu ya lahari, serikali haijamwaga zege lote lile kwa urembo. Ukiviona hivyo vyote jua mto huo unashuka kutoka kileleni. Muulize mzee wa hapo maji yalifika wapi mara ya mwisho, atakuonyesha kwa kidole.

Jua pia ngazi za tahadhari, ziko 4 kutoka chini kwenda juu: Normal, Waspada, Siaga, Awas. Unaziona kwenye MAGMA Indonesia, tovuti na app ya serikali, na kila ngazi inakuja na umbali wa kutosogelea kreta. Ikifika Awas unaondoka ukiambiwa, hakuna mjadala. Merapi 2010 eneo la hatari lilisukumwa mpaka kilomita 20, watu zaidi ya 300 wakafa, na wakazi wa baadhi ya vijiji vya juu walihamishiwa nyumba mpya chini.

Sasa ardhi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1960 inasema Hak Milik, ile miliki kamili isiyo na mwisho, ni ya raia wa Indonesia. Mgeni hapati. Utakutana na dalali mchangamfu atakwambia tuandike kwa jina la rafiki yangu halafu nyie mnasaini karatasi pembeni, USIFANYE. Sheria hiyohiyo inasema mpango wa kuhamishia mgeni Hak Milik kwa mlango wa nyuma ni batili, ardhi inaangukia serikalini na hela uliyotoa huwezi kuidai. Yaani umenunua hewa, na kama rafiki akifa watoto wake hawakujui.

Kuna Hak Pakai, haki ya kutumia, mgeni mwenye kibali cha ukaazi anaweza kuipata, miaka 30, inaongezwa 20 halafu 30 tena. Inasikika poa, ila kuna bei ya chini kabisa ya nyumba ambayo mgeni anaruhusiwa kununua, imepangwa kwa kila mkoa, na nyumba ya kawaida ya kijijini haifiki huko hata karibu. Ndo maana kwa kijijini mi naona kupanga tu, tena anza na mwaka mmoja upitie masika yote uone paa linavuja wapi na barabara inakatika lini, ndo uongelee miaka mingi.

Hata kupanga kuna mitego. Wenye nyumba wengi wanataka hela ya miaka yote mbele, kwa hiyo hakikisha unayempa ndo mwenyewe. Omba sertipikat, yaani hati ya ardhi, mkaikague pamoja ofisi ya ardhi, BPN. Ukiletewa karatasi inaitwa girik au Letter C, hiyo ni kumbukumbu ya zamani ya kodi ya ardhi, haithibitishi umiliki. Mke au mume wa mwenye nyumba asaini, na kama ni urithi ndugu zake wote wasaini, la sivyo kaka mtu atatokea Surabaya mwaka wa tatu. Sehemu kama kisiwa cha Flores ardhi nyingi ni ya ukoo, kwa hiyo wazee wa adat, yaani wa mila, ndo unaanza nao. Mkataba uandikwe kwa Kiindonesia mbele ya notaris (mthibitishaji wa mikataba), na uweke kipengele cha mlima: eneo likifungwa au nyumba ikizikwa na majivu, kodi ya nyumba iliyobaki inarudi vipi? Andika pia njia ya kupita na maji yanatoka chemchemi gani.

Maisha yenyewe ni mepesi ukiwa na adabu. Ndani ya saa 24 ukaripoti kwa Pak RT, kiongozi wa mtaa, na paspoti yako. Wanaume unawaita Pak, wanawake Bu, unatoa kitu kwa mkono wa kulia, viatu unaacha mlangoni. Bafuni kuna tanki la maji na kopo, unajimwagia, usiingie kwenye tanki! Na sehemu za juu kama Bromo kwenye Julai na Agosti ni baridi kweli usiku, beba sweta.

Majivu yakianguka funika tanki la maji, vaa barakoa ya N95 na miwani, toa lensi za macho. Yaondoe juu ya paa mapema kabla mvua haijayalowesha, kwa sababu sentimita 10 za majivu yaliyolowa zinaweza kupita kilo 100 kwa kila mita ya mraba na paa la kawaida halijajengwa kwa mzigo huo. Nyunyiza maji kidogo tu yasipeperuke, na usipande peke yako.

Usafiri, kipande cha mwisho mara nyingi ni pikipiki, kwa hiyo leseni yako ya kimataifa iwe na daraja la pikipiki la sivyo bima inaweza kukataa kulipa. Beba rupia taslimu za noti ndogo, ATM ukizikuta huko nyingi ni za benki ya BRI. Ukitaka kupanda Rinjani, njia huwa zinafungwa Januari mpaka Machi kwa mvua. Na ndege ya kurudi nyumbani usiiunganishe siku hiyohiyo na ya ndani, Novemba 2024 majivu ya volkano ya Lewotobi Laki-laki kule Flores yalifuta safari nyingi za Bali, kisiwa kingine kabisa, kwa hiyo jiachie siku mbili tatu katikati na soma bima yako kama inalipia majivu ya volkano.