Dawa ya "nano" na virusi vya mimea: itumie hivi, usiliwe pesa

Ndugu wakulima wa Kivu Kusini hapa Kongo, Kabare, Walungu mpaka kule Kamanyola, hii nano sasa inasikika kila pahali. Mimi mwenyewe nilishauziwa sokoni kachupa kadogo, kameandikwa NANO kwa herufi kubwa, eti kanaponyesha tomati yenye majani ya kujikunja, nikapiga pompa wiki 3 nzima, tomati ikaendelea kujikunja na pesa ikaenda. Basi wacha niandike vile nimekuja kuelewa.

Kwanza: mmea ukishaingiwa na virusi, hakuna dawa ya kupuliza shambani ya kuvitoa. Hiyo shika. Nano ni kipimo tu, milimita 1 ukiigawa mara 1,000,000 ndiyo nanomita 1, na kirusi cha banchi topu (maladi ya kudumaza migomba) kina nanomita kama 18 mpaka 20. Kwa sasa nano yenye faida kwa mkulima wa kawaida ni ile ya kupima kama kirusi kipo.

Unaijua TDR, kile kipimo cha haraka cha malaria pale sentre ya afya, wanakuchoma kidole halafu unangojea mistari? Ule wekundu mara nyingi ni chembe za dhahabu za kinano, dhahabu kweli kama ile wanachimba Mwenga na Shabunda, ila ikiwa ndogo hivyo inaacha kuwa ya njano inakuwa nyekundu. Basi kuna bandeleti (vijikaratasi vya kupimia) za namna hiyo hiyo za mimea, kwa mfano za virusi vya viazi vya kizungu na vya tomati. Kila bandeleti na kirusi chake, kwa hiyo kabla ya kulipa uliza inapima kirusi gani, usinunue ya viazi ukapime muhogo.

Namna ya kupima: usifungue paketi mpaka uko tayari, juu hewa yetu hii ya ziwa iko na unyevu na bandeleti inaharibika. Chuma kipande cha jani changa lenye dalili, si lile la chini limeshakauka. Kiweke ndani ya kamfuko kenye maji yake, sugua kwa nje na kalamu mpaka jani lipondeke kabisa, kisha chovya bandeleti mpaka pale alama inakuonyesha, usizidishe, na ungoje dakika zilizoandikwa kwa karatasi yake. Mistari 2, kirusi kipo, hata kama ule wa pili umefifia sana, watu wengi wanajidanganya hapo. Mstari 1 wa juu, hakijaonekana. Hakuna mstari hata mmoja, ile imekufa, chukua ingine. Na ukiona mstari 1 lakini mmea bado unakutia wasiwasi, rudia kwa jani lingine baada ya wiki 2, maana maladi ikiwa bado changa bandeleti inaweza kuikosa.

Ikikubali, ng'oa. Najua inauma. Tomati iliyo na kirusi cha mozaiki ya tumbaku inapitisha maladi kwa mikono na kisu, kwa hiyo nawa na sabuni, kisu kipitishe kwa javeli (ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe), na sigara usivute ndani ya shamba. Mgomba wa banchi topu (majani yamesimama wima pamoja, membamba, mistari midogo ya kijani nzito kwa mashina ya majani) usikimbilie kuukata: ua kwanza vidukari, maana ukiangusha mgomba vinahama na kirusi kwa jirani. Halafu chimba shina lote na watoto wake wote, juu kirusi kinakaa ndani ya familia nzima, na usimpe shemeji hata mtoto mmoja akapande. Muhogo ni ile ile, nzi weupe wanabeba mozaiki lakini na sisi tunaibeba kwa vijiti tunavyopeana. Kwa migomba na muhogo, kabla ya kupanda eneo kubwa waulize watafiti wa INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, pale Mulungu.

Sasa za kupuliza. Kuna moja inanipa moyo: watu wa chuo kikuu cha Queensland, Australia, walichukua vipande vya RNA (ujumbe wa urithi ulio ndani ya viumbe hai) vinavyofundisha mmea kukatakata kirusi, wakavishikiza kwa udongo mwembamba wa kinano. RNA peke yake inaharibika haraka kwa jani, ule udongo unaitunza na kuiachilia polepole, na mwaka 2017 walionyesha pulizo 1 linakinga majani mpaka siku 20. Nimesema linakinga. Unapuliza kabla kirusi hakijafika.

Nano ya fedha (madini, si pesa) au ya zinki nayo imejaribiwa kwenye laboratuari, ila fedha ni sumu kwa viumbe vya maji na mito yetu inashuka Kivu au Ruzizi, basi usioshe pompa mtoni. Ukiletewa chupa, muulize muuzaji: ndani mna nini, kiasi gani kwa lita, kwa kirusi kipi? Akianza kuzunguka, ondoka. Akijibu vizuri, jaribu kwa mimea 10 mizima tu, ingine 10 pembeni uipulizie maji matupu, uandike tarehe kwa daftari, na usiongeze dozi hata akikuambia ongeza.