Magunia au Mfereji: Kupima Simulesheni Mbili za Trafiki ya Mtandao

Simulesheni ni kuiga mtandao ndani ya kompyuta. Kwenye simulesheni ya pakiti, yaani vipande vidogo vya data, data ni kama magunia ya viazi yanayotoka Uyole: kila gunia linapakiwa, linasubiri, linashushwa, na kompyuta inayaandika yote. Kwenye simulesheni ya mtiririko, data ni maji ya mfereji wa mpunga kule Usangu. Huhesabu matone, unaangalia kasi tu, na kompyuta inaamka kasi inapobadilika.

Vijana wengi ninaowafundisha hapa Mbeya wanaamini mfereji ni mwepesi kwa kompyuta siku zote. Chukua karatasi, tupige hesabu.

Hatua ya 1. Chora linki (njia ya kupitisha data) moja ya megabiti 10 kwa sekunde, tuseme Mbeya kwenda Makambako. Chanzo A kinatuma megabiti 8 kwa sekunde, kwa sekunde 2, kisha kinanyamaza. B kinatuma 6 bila kukatiza.

Hatua ya 2: mtiririko. Zinaingia 14, zinatoka 10, kwa hiyo foleni ya data inayosubiri inakua kwa 4 kila sekunde. Sekunde ya 2 imefika megabiti 8. A kikinyamaza inapungua kwa kasi ileile, na sekunde ya 4 imekwisha.

Hatua ya 3: pakiti. Pakiti ya baiti 1,500 ni biti 12,000. Ndani ya sekunde 4 linki imepitisha megabiti 40, yaani pakiti 3,333 hivi. Kila moja ina tukio la kuingia na la kutoka: zaidi ya matukio 6,600!

Hatua ya 4. Hapa usiharakishe. Simama Makambako umtazame B. Foleni ni ya aliyetangulia hutoka kwanza, hivyo megabiti 8 zilizokuwemo A alipokoma zinahitaji sekunde 0.8 kuisha. Hadi sekunde ya 2.8, B anatoka kwa megabiti 4.3 hivi kwa sekunde, yaani fungu lake la 6 kati ya 14 kwenye linki ya 10. Kisha anaruka hadi 10, na sekunde ya 4 anarudi 6. B hakubadilisha chochote, ila ruta (kifaa kinachoelekeza data) inayofuata imeona mabadiliko yake, nayo itayasukuma kwa wenzake wote wa foleni yake. Weka mitiririko mia na ruta kumi, mawimbi haya yanazaana mpaka mfereji unakuwa mzito kuliko magunia.

Hatua ya 5. Jaribu foleni inayogawa zamu kwa haki kwa kila mtiririko. Mawimbi hupungua sana.

Ukipima simu za sauti, tumia pakiti, kwa mfano kwenye programu huria ya ns-3. Mtiririko utakuambia kiasi kilichopotea, hautakuambia ni pakiti zipi.