Kuharakisha Immer bila kuitupa

Kama unaandika `createSlice` ya Redux Toolkit (zana za kutunza hali, yaani data, ya programu ya JavaScript), Immer, maktaba ya kubadilisha data hiyo, unayo tayari hata kama hukuisakinisha mwenyewe. Raha yake ni kwamba unaandika kana kwamba unabadilisha data moja kwa moja, nayo inanakili inachohitaji. Ndiyo maana gharama yake haionekani, mpaka orodha ifike bidhaa 10,000 na ukurasa uanze kujivuta.

Hatua ya 1: Pima. Zungushia `console.time` kwenye ripyusa yenyewe (reducer, fonksheni inayotoa hali mpya), katika toleo la kwenda kwa watumiaji, si lile la kuendelezea. Mara nyingi utakuta kinachochelewesha ni React, maktaba inayochora ukurasa, kuchora upya. Ikiwa hivyo, ishia hapa.

Hatua ya 2: Ondoa nukta tatu (`...`, zinazonakili safu) ndani ya kitanzi.

```js
let orodha = [];
for (const b of bidhaa) orodha = [...orodha, b];
```

Kila mzunguko unanakili safu nzima. Kwa bidhaa 10,000 hizo ni nakala 49,995,000 za vipengee, na safu zote za katikati hakuna anayezitumia. Tumia `push` kwenye safu ya ndani, kisha irudishe ikikamilika. Kitu ambacho hakijamfikia mtu mwingine unaweza kukibadilisha utakavyo.

Hatua ya 3: `produce` moja, kitanzi ndani yake. `produce` ni fonksheni ya Immer inayokupa rasimu ya hali uibadilishe, kisha inarudisha hali mpya. Sababu ni ileile: ukiiita kila mzunguko, safu inanakiliwa kila mara.

```js
const mpya = produce(hali, rasimu => {
  for (const b of bidhaa) rasimu.orodha.push(b);
});
```

Hatua ya 4: Tafuta kwenye data asilia, badilisha kwenye rasimu. Hapa ndipo wengi hupoteza muda bila kujua. Ukiita `rasimu.orodha.find(...)`, kila obijekti inayoguswa inaundiwa proksi yake (kitu cha kati kinachofuatilia unachosoma na kubadilisha), hata kama unasoma `id` tu. Badala yake:

```js
const i = original(rasimu).orodha.findIndex(b => b.id === id);
if (i !== -1) rasimu.orodha[i].bei = bei;
```

Proksi zinaundwa kwenye njia ya hiyo bidhaa moja tu. Angalizo: `original` inaonyesha data ilivyokuwa kabla hujaigusa. Ukishaongeza au kufuta kipengee ndani ya ripyusa hiyohiyo, namba ya nafasi inaweza kukupeleka kwa bidhaa isiyo yenyewe, na kosa la aina hiyo ni gumu kulinasa.

Hatua ya 5: Data kubwa ya seva igandishe (izuie isibadilishwe) juujuu. Immer hugandisha data mpya hadi chini kabisa. Ukiita `freeze(data)` kabla ya kuiweka kwenye hali, itakuta tayari imeganda na haitaingia ndani. Bei yake ni kwamba vya ndani vinabaki bila ulinzi. `setAutoFreeze(false)` mimi siigusi: inazima ulinzi kwa programu nzima, na ulinzi huo ndio unaopiga kelele mtu akibadilisha hali kwa mlango wa nyuma.

Hatua ya 6: Gawa obijekti pana. Jedwali moja lenye funguo 10,000 linanakiliwa lote unapobadilisha bei moja. Ligawe kwa kategoria, na itanakiliwa kategoria husika pamoja na ngazi zilizo juu yake. Ikiwa data haigawanyiki, `Map` ya Immutable.js, maktaba nyingine ya data isiyobadilika, inafaa, kwa kuwa ni mti wenye matawi hadi 32 kila kifundo, hivyo badiliko moja hunakili vifundo vichache. Ila usiite `toJS()`, inayoigeuza kuwa data ya kawaida ya JavaScript, kila unapochora, maana itajenga upya data yote.