Kokoto na mawe bustanini: kutunza unyevu wakati wa kiangazi cha Dodoma

Dodoma hupata mvua msimu mmoja tu, takribani Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hufika kama milimita 550 hadi 600. Miezi inayobaki ni jua na upepo. Kokoto haziongezi maji bustanini, zinalinda yale yaliyokwisha kuingia ardhini. Ukizimwaga juu ya udongo mkavu ulioshikana, maji yatapita katikati ya kokoto, yatagota kwenye ardhi ngumu na kutiririka hadi barabarani kama zamani.

Kwa hiyo anza na udongo. Ulegeze kwa kina cha sentimita 20 hadi 30, uchanganye na samadi iliyooza vizuri pale utakapopanda maua ya kawaida. Mishubiri na kaktasi hazihitaji samadi nyingi. Kama eneo lina ndago, usiwe na haraka: chimba utoe na vile viazi vyake vidogo, mwagilia, subiri wiki mbili vilivyobaki vichipue, kisha chimba tena. Ndago ikishakaa chini ya kokoto, kuing'oa ni kazi ya kufukua kila kitu. Hakikisha pia kitanda kiko chini ya usawa wa njia kwa sentimita 5 hadi 10, ili maji ya njiani yaingie kwenye mimea.

Kwa vitanda nunua kokoto za nusu inchi au robo tatu. Njiani weka zenye pembe, kwa kuwa hushikana. Za mviringo huteleza chini ya mguu. Ukiona zimechanganyika na vumbi la mawe, zichekeche au uzisuuze kabla ya kutandaza. Hapa ndipo wengi hukosea. Udongo huvuta maji kwenda juu kupitia vitundu vyake vidogo, kama utambi unavyovuta mafuta, na jua huyamalizia pale juu. Nafasi kubwa kati ya kokoto hukata mvuto huo. Vumbi likizijaza nafasi hizo, maji huendelea kupanda, na baada ya mvua chache linaganda na kuzuia hata maji mapya kuingia.

Unene unaofaa ni sentimita 5. Ukiweka chini ya 3, mwanga hupenya na magugu huota. Ukizidisha 8, manyunyu ya milimita mbili tatu huishia kulowesha mawe na kukauka bila kuigusa mizizi. Kwa sentimita 5, mita moja ya mraba inataka ndoo mbili na nusu za lita 20. Kitanda cha mita 2 kwa 5 kitakula ndoo 25, yaani nusu mita ya ujazo, zenye uzito wa kama kilo 750. Uliza bei kwa ujazo, na ujue gari limebeba kiasi gani kabla halijashusha.

Usitandike nailoni chini. Inazuia magugu kwa muda, lakini inazuia na mvua, na mizizi hukosa hewa. Kitambaa kinachopitisha maji kinafaa njiani; kwenye vitanda unaweza kukiacha kabisa.

Panda kwanza, mwagilia mpaka maji yashuke chini kabisa, kesho yake ndipo utandaze. Kama unatumia mipira ya matone, ilaze juu ya udongo na uijaribu ikiwa wazi, kisha uifunike. Mti wenye shina la kawaida uachie duara la sentimita 10 bila kokoto. Mshubiri na waridi la jangwani hupenda kokoto zifike shingoni ili pakauke haraka, maana hapo panapobaki na unyevu ndipo panapooza.

Maji ya paa yana thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani. Milimita 20 za mvua kwenye paa la mita 100 za mraba ni karibu lita 2,000. Chimba mfereji wenye upana wa sentimita 50 na kina cha 60, angalau mita 3 kutoka kwenye msingi wa nyumba, ujaze mawe ya ukubwa wa ngumi. Kila mita ya urefu huhifadhi kama lita 120 katikati ya mawe, kisha maji hunywea taratibu. Kabla ya kuchimba, pima kwa shimo la sentimita 30: lijaze maji mara mbili. Kama ya mara ya pili bado yapo kesho yake, udongo huo ni wa mfinyanzi na mfereji utageuka dimbwi la mbu. Mdomoni weka kishimo cha kunasa mchanga na majani, na ukizoe kila baada ya mvua kubwa.

Mawe hushika joto. Ukuta unaopigwa na jua la jioni, ukiuzungushia kokoto nyeupe, huunguza majani laini. Hapo panda mkonge au bogenvilia. Lakini mawe yana faida ambayo nyasi za kufunikia hazina: mchwa hawayali.

Fagia majani kila mwezi, kwa sababu yakioza juu ya kokoto huwa udongo na magugu huota humo humo. Vumbi la kiangazi nalo huzijaza kokoto polepole. Ukiona zimeanza kushikana, zikusanye mwezi Novemba, uzichekeche na uzirudishe kabla mvua hazijaanza.